Miaka yetu ya kujitolea Ufipa, na siku gari lilipokuja kutuchukua mke wangu akabaki

Wakuu, heshima yenu. Walionitangulia shikamooni, wa rika langu habari za majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya tangu zamani. Leo mvua imenifungia ndani, mke wangu yuko jumuiya, nikasema ngoja na mimi niandike kitu. Siongezi chumvi. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ni mambo ya ile miaka ya ruksa, mitumba imejaa masokoni na kila mtu mjini amegeuka mfanyabiashara.

Mimi ni fundi wa maji kwa kusomea. Mke wangu, hapa nitamwita Felista, ni nesi mkunga. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, tunaishi chumba kimoja Morogoro, na serikalini watu wameanza kupunguzwa kazini. Shirika moja la kidini lilikuwa linatafuta volunteers wa kwenda Rukwa. Mimi nikavute maji ya mtiririko kutoka kwenye chemchemi, yeye akasaidie zahanati. Nyumba wanatoa, na posho ya kula.

Felista alifikiri wiki nzima ndipo akakubali. Mimi nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Ndivyo nilivyo, nikikaa mahali miguu inawasha.

Tukapangiwa kijiji kimoja mbele ya Kate, upande wa Nkasi. Jina la kijiji naliacha, wenyewe bado wapo.

Najua kuna atakayeuliza habari za uchawi, maana ukitaja Sumbawanga tu watu wanakaa mkao wa kusikiliza. Mkuu, sikuona chochote. Nilichokiona ni baridi.

Kwa wasioijua Ufipa, ni uwanda wa juu, nyasi mpaka macho yanachoka, miti ya kuhesabu. Mwezi wa saba upepo hauna pa kuzuiliwa. Ulikuwa unapita chini ya mlango wetu na kutoka na harufu ya chakula.

Maisha yetu yalikuwa hivi. Felista anaamka kwanza, anawasha moto, tunakunywa uji wa ulezi. Yeye anakwenda zahanati, ambayo ilikuwa vyumba viwili na benchi. Mimi nachukua baiskeli nakwenda saiti, kule wananchi wanakochimba mtaro wa bomba kwa zamu, kila kaya na kipande chake. Jioni ugali na maharage, Jumapili kanisani, baada ya kanisa pombe ya ulezi kwa wanaokunywa. Kesho yake hivyo hivyo.

Felista aliingia kijijini kama aliyezaliwa pale. Baada ya muda mfupi alikuwa anasalimia kwa Kifipa, wanawake wanamcheka matamshi na bado wanamletea maboga. Akienda kisimani anarudi na habari za kijiji kizima.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri basi.

Nilikuwa na redio ndogo. Nasikia Dar kuna hiki, kuna kile, watu binafsi wameruhusiwa kuagiza magari. Halafu siku moja akapita jamaa niliyesoma naye chuo, amekuja na lori kununua mahindi, maana wakati huo wafanyabiashara walikuwa wameanza kufika wenyewe mpaka vijijini. Amevaa koti la ngozi. Akaniuliza, "We bado unachimba mitaro?" Hakuuliza kwa ubaya. Lakini wakuu, lile swali lilikaa.

Tangu hapo kila lori likipita barabarani nasimamisha kazi, naliangalia mpaka lipotee. Nikirudi nyumbani naanza hesabu za kuondoka. Felista ananisikiliza huku anachambua maharage. Hanipingi, haniungi mkono. Hilo ndilo lilikuwa linaniudhi zaidi.

Sasa pale kijijini kulikuwa na jambo lingine.

Pembeni, kama mwendo wa saa moja kwa mguu, walikuwa wanakaa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mmoja alikuwa anaitwa Masanja, kijana mrefu mpole, na mkewe Kabula. Masanja alikuja kwangu akaniomba bomba lifike kwao. Nikampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sikazwe.

Mzee alisema hapana. Sababu yake ni kwamba ng'ombe wa wageni ndio wanaochafua mto, na walipokuwa wanaitwa kuchimba mtaro hawakuja. Masanja akasema hawakuitwa. Basi ikawa hivyo, huyu anasema hivi, yule anasema vile, na mimi katikati na mabomba yangu. Nilitamani nipande lori la kwanza litakalopita.

Kabula alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Alikuwa mfupi sana, nyonga ndogo, na Felista alipompima aliona hatari. Alimwambia Masanja kwamba huyu asizalie kijijini, siku zikikaribia apelekwe mjini akasubirie huko. Masanja alikubali. Lakini mambo ya ng'ombe mnayajua, kiangazi kikawa kikali, akasema ashushe kwanza mifugo bonde la Rukwa kutafuta majani, akirudi ndio wampeleke.

Katikati ya hayo, mratibu wetu akaja kutoka Sumbawanga. Akatueleza kwamba wafadhili wamebadilisha plan, mradi unafungwa. Bomba kuu lilikuwa limeshafika karibu na shule, matawi bado. Alisema tujiandae, gari litakuja kutuchukua wiki ile ile, tutapangiwa mkoa mwingine au tuache, uamuzi wetu.

Wakuu, siwezi kuwaficha, nilifurahi. Nilikuwa na uhakika wa kupata kazi kwa yule jamaa yangu Dar. Nikaanza kufunga mizigo mratibu hajamaliza chai yake.

Jioni ile Felista alisema yeye habebi nguo zake. Anasubiri Kabula ajifungue.

Hatukugombana. Nawaambia ukweli, afadhali tungegombana. Tulikubaliana kama watu wazima kwamba mimi nitangulie, nitafute chumba Dar, yeye atafuata. Tulisema "utafuata" na "nitafuata" mara nyingi mno. Na kila tulivyosema ndivyo kila mmoja alivyozidi kuona kwamba mwenzake haamini.

Gari lilikuja asubuhi. Nikapanda na sanduku langu. Felista alinipa blanketi letu zito, akasema kwenye basi la Mbeya nitaumia baridi. Nikamrudishia. Akalichukua bila kubishana, akarudi ndani. Hakusubiri gari liondoke.

Nikafika Sumbawanga nikaambiwa basi la Mbeya limeharibika njiani, nisubiri.

Nikachukua chumba nyumba ya wageni, mtaa wa Mazwi. Hapo ndipo nilipojijua, wakuu. Kijijini nilikuwa nasema kijiji kinanichosha. Mjini nililala kitandani nikaamka, nikakaa nje nikaingia ndani. Nikatembea mpaka mtaa wa Chanji, sina ninachotafuta, nikanunua sigara na mimi sivuti. Nikarudi. Nikaenda tena stendi kuulizia basi, yule mkata tiketi akawa ananijibu kabla sijafungua mdomo.

Siku iliyofuata nilikuwa nimesimama mbele ya duka moja Mazwi, asubuhi, nikaona lori la mahindi linaingia mjini likipiga honi mfululizo. Juu ya magunia kuna watu. Nikaangalia kama nilivyozoea kuangalia malori.

Aliyekaa juu ya magunia, kitambaa kimemvuka kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi, alikuwa mke wangu. Mapajani amelaza kichwa cha mtu aliyefunikwa lile blanketi letu.

Nikakimbia nyuma ya lori mpaka hospitali.

Habari kamili niliipata baadaye. Uchungu ulimshika Kabula kabla ya wakati, Masanja hajarudi kutoka bondeni. Ndugu walimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka zahanati. Felista alipoona mtoto amekwama akasema hapa hakuna kazi tena, ni mjini. Gari la shirika ndilo hilo lililonibeba mimi, halipo. Lori la mahindi likatokea, dereva akakataa, anasema mgonjwa akimfia juu ya mzigo wa watu atasema nini.

Aliyelisimamisha ni Mzee Sikazwe. Yule yule aliyewanyima bomba. Alisimama katikati ya barabara na fimbo yake, akamwambia dereva apite juu yake kwanza. Halafu akasaidia kumpandisha Kabula kwa mikono yake.

Hospitali walimwingiza chumba cha upasuaji haraka. Alikuwa amepoteza damu nyingi. Ndugu aliyekuja naye akapimwa, haikulingana. Ya Felista haikulingana. Yangu ikalingana. Nikalala nikatoa, na ni mara ya kwanza kwa muda mrefu mwili wangu kutulia mahali pamoja.

Kabula alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume.

Nilimkuta Felista nje, nyuma ya jengo, kwenye bomba la kunawia. Maji yanatoka, yeye ameshika mikono yake tu, hanawi. Nikafunga bomba. Nikamwambia pole, amejitahidi. Nikaongeza maneno ambayo sikuyapanga, nikamwambia yeye ana moyo wa kukaa sehemu kama ile, mimi sina.

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Unadhani mimi sitaki kuondoka?" akasema. "Kila siku nataka kuondoka. Nikisikia lori napata wazimu kama wewe. Wewe unasema, mimi sisemi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenichukua tukaondoka," akasema. "Na mimi ningekubali."

Tukakaa pale chini. Baadaye akasema dereva anarudi saa nane kuchukua mzigo mwingine, yeye anarudi naye. Kuna wanawake wengine wawili wako karibu kujifungua na zahanati haina mtu.

Nikamuuliza, "Nirudi?"

"Mimi sikuiti na sikufukuzi," akajibu. "Lori ni saa nane."

Nikaenda kuchukua sanduku langu.

Wakuu, msifikiri baada ya hapo mambo yalinyooka. Shirika halikuturudishia posho. Parokia ikampa Felista kazi palepale zahanati, mshahara wa kubabaisha, na mimi nikawa natengeneza baiskeli na mapaa ya watu. Kijiji kilinikabidhi mabomba yaliyobaki.

Masanja aliporudi kutoka bondeni na kukuta alichokikuta, alikaa nyumbani kwetu mchana kutwa. Felista naye akakaa naye, anachambua maharage. Jioni akaaga akaondoka. Wiki chache baadaye alikuja na watu wa kwao na majembe, wakaanza kuchimba kuanzia shuleni kwenda upande wao. Hakuna aliyewaita. Mzee Sikazwe alikuja akatazama, akaondoka, kesho yake akatuma kundi la Wafipa kusaidia kipande chenye mawe.

Mabomba hayakutosha kufika. Kilula, yaani bomba la kuchotea, kiliishia nusu ya njia, kwenye mpaka wa mashamba. Wanawake wa pande zote mbili wakawa wanachota hapo, na wanagombana hapo hapo kuhusu foleni. Lakini afadhali nusu ya njia kuliko maji ya mto.

Tulikaa Ufipa miaka mingine mingi kuliko tuliyopanga. Watoto wetu wawili wa kwanza wamezaliwa kule. Kabula alikuja kupata watoto baadaye, wote kwa upasuaji, wote mjini, na kila safari Masanja alikuwa anamhamishia mjini mapema mno mpaka watu wanamcheka.

Na kila lori lilipopita, sasa tulikuwa tunaliangalia wote wawili. Felista anasema, "Hilo linaelekea Mbeya." Mimi nasema, "Hilo zuri, tairi mpya." Likipita tunaendelea na kazi. Haikuisha, ila ilikuwa nyepesi kubeba.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani duniani kuna watu wa kukaa na watu wa kuondoka, na kwamba mimi nilioa mtu wa kukaa. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inawashwa miguu, mmoja analalamika na mwingine ananyamaza. Niliishi naye chumba kimoja, tunakula sahani moja, na sikuwahi kumuuliza yeye anataka kwenda wapi.

Wale mliowahi kupelekwa mbali na wenza wenu, walimu, manesi, askari, watu wa miradi, karibuni mtiririke hapa chini. Nani kati yenu alitaka kuondoka? Na yule mwingine, mlimuuliza?

Naona Felista anafungua geti. Ngoja nikampokee mwavuli.