Macho ya Msoma Mita

Juzi kijana wa kampuni ya maji alisimama nje ya geti letu, akabonyeza simu, akaenda zake. Mita ilikuwa imeshasomwa!

Nikakumbuka mtaa wa Bondeni nikiwa mdogo, ploti nzima ya wapangaji ikinuka sabuni ya kufua. Msoma mita alipiga magoti, akafunua kifuniko, akapangusa kioo kwa kidole gumba. Ndani, kigurudumu chekundu kilizunguka mbio.

"Fungeni mifereji! Anasoma!" Shosho, nyanya yangu, aliwapigia majirani kelele.

Mimi nilikuwa nikichungulia tu. Kigurudumu kilisimama, nikaamini yule msoma mita amekisimamisha kwa macho.

Juzi nami nilipiga magoti kwenye mita yetu, nikakikodolea kigurudumu macho. Wapi! Kilizunguka tu, binti yangu alikuwa jikoni akiosha vyombo.

"Funga mfereji!" nikapaaza sauti.

Kikasimama palepale. Kumbe uchawi wote ulikuwa wa Shosho!