Baga ya Fundi Saa

Kulikuwa na fundi saa, mwanamume wa miaka hamsini na sita, ambaye hakuweza kukaa na kitu bila kutaka kujua kilivyo ndani. Redio ya baba yake aliifungua akiwa na miaka minane, pasi ya mama yake akiwa na kumi. Kitasa cha choo alikifungua shangazi yake akiwa humo ndani, na kisa hicho bado kinasimuliwa kila ukoo unapokutana. Kazi ya saa ilimfaa kwa sababu huko angalau alilipwa kwa upekuzi wake.

Karakana yake ilikuwa chumba chembamba chenye meza moja chini ya dirisha. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mgahawa. Kwa miaka tisa, kila ilipofika saa saba mchana, alivuka barabara akala baga ile ile: nyama mbili, jibini mbili, na sosi iliyomchuruzika mpaka kwenye vifundo vya mikono. Alikula ameinama mbele, maana mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa bingwa wa kusoma madoa ya shati.

Siku moja alikwenda kupimwa macho. Wakampima na presha, kisha wakamtoa damu. Daktari, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, aliyatazama majibu mara mbili.

"Mzee wangu, presha iko juu, na mafuta kwenye damu yamezidi. Mchana huwa unakula nini?"

Fundi akaeleza, kwa kirefu kuliko alivyokusudia. Alipofika kwenye jibini, daktari akaweka kalamu chini.

"Kila siku?"

"Jumapili wanafunga."

Nyumbani, Mwalimu, kama alivyozoea kumwita mkewe, alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Basi umeachana nayo," akasema.

"Nimeachana nayo. Lakini lazima nijue nimeachana na nini."

Kesho yake alinunua baga moja, hakuionja, akaja nayo nyumbani ndani ya boksi lake. Akatandika karatasi nyeupe kwenye meza ya jikoni, akavaa lenzi yake ya jicho moja, akachukua kibano. Mwalimu alipoingia alikuta mkate upande huu, nyama upande ule, jibini imebanduliwa kama ngozi ya kidonda, na mumewe anapima sosi kwenye mizani yake ndogo ya karakana.

"Unafanya upasuaji?"

"Onja hii. Ncha ya kijiko tu."

Mwalimu akaonja, akakunja uso. "Kuna sukari humu."

"Si ndiyo! Na huu mkate uone." Akaugandamiza kwenye karatasi, ukaacha duara la siagi lililong'aa. "Wameupaka ndani, na juu vilevile. Miaka tisa, mke wangu, nilidhani mkate ule ni laini kwa asili yake."

Mwalimu alikuwa amekuja kumzuia asichafue meza. Akavuta kiti, akaomba kalamu, akaanza kuandika vipimo.

Majaribio yakaanza Jumamosi iliyofuata. Baga ya kwanza ilikuwa ya maharage matupu. Ilisambaratika kwenye kikaango kabla haijageuzwa. Ya pili ilikuwa ya nyama isiyo na mafuta hata chembe, ngumu kama soli ya kiatu. Kwenye ya tatu alitia karoti mbichi iliyokunwa, ikatoa maji mpaka ikachemka badala ya kukaangika. Kila moja aliiandikia kijikaratasi cha aina ile anayofunga kwenye saa za wateja: kimeingia nini, kimeharibika nini.

Ya sita ndiyo iliyoanza kueleweka. Alikatakata uyoga vipande vidogo kabisa, akaukausha kwenye kikaango pamoja na kitunguu mpaka ukawa wa kahawia, kisha akauchanganya na nyama ya kusaga, nusu kwa nusu. Sosi ilikuwa mtindi mzito, kitunguu saumu, ndimu na haradali kidogo. Mkate ulikuwa wa ngano isiyokobolewa.

"Inalika," Mwalimu akasema.

"Inalika tu?"

"Inalika, Fundi. Mimi si mtu wa kutia chumvi."

Tatizo lilikuwa chumvi hasa. Daktari alitaka ipunguzwe, na ilipopunguzwa ladha ikapoa. Mwishowe Fundi akapiga moyo konde, akaenda kwenye mlango wa nyuma wa mgahawa saa kumi alasiri, wateja walipopungua. Mpishi, bonge la mtu ambaye wote walimwita Kofia, alikuwa amekaa juu ya kreti akipunga upepo.

"Ulinikimbia bila kuaga, kaka! Nilidhani umehama mji."

Fundi akamweleza yote, hata ule upasuaji. Alitarajia kufukuzwa. Kofia akatazama ndani, akarudisha mlango.

"Na mimi daktari kaniambia hivyo hivyo. Huu mwaka wa pili. Napika baga kutwa nzima, sijaonja hata moja."

"Sasa unajuaje kama zimekubali?"

"Nasikiliza. Nyama ina sauti yake ikiwa tayari."

Fundi alimkodolea macho. Miaka tisa ng'ambo ya barabara, na hakuwahi kuuliza. "Jumapili njoo nyumbani," akasema.

Kofia alikuja bila kofia, na Fundi akagundua kuwa ana upara. Aliunusa mchanganyiko, akauliza chumvi iko wapi.

"Ndani. Kidogo."

"Ndiyo maana imepotea. Usiitie ndani kabisa. Nyunyiza juu tu, nyama ikiwa inaingia motoni. Ulimi unakutana nayo kwanza, na unatumia kidogo zaidi. Halafu acha kuigandamiza nyama, inakulilia maji yake yote! Mkate upashe moto mkavu."

Wakakaa mezani watu watatu. Kofia akauma, akafumba macho, akatafuna polepole mno. Fundi alisahau ya kwake mkononi.

"Hii si baga yangu," Kofia akasema.

Mabega ya Fundi yakashuka.

"Yangu mtu akimaliza anataka kulala. Hii nataka nyingine." Akanyoosha mkono, akaichukua ile ya Fundi, akala akiwa ameinama mbele vilevile kama mteja.

Miezi mitatu baadaye presha ya Fundi ilikuwa imeshuka, ingawa si kabisa. Daktari hakumwondolea vidonge alivyomwandikia, ila alimwomba ile karatasi ya vipimo vya baga. Mwenye mgahawa aliposhauriwa aiweke baga ile kwenye orodha, alijibu kuwa watu hawaji kwake kutibiwa, na Kofia hakubishana naye. Hupika yake nyumbani, na Jumapili huja kwa Fundi kugombana naye juu ya kikaango.

Wiki iliyopita walijaribu biringanya. Mwalimu alikula kipande kimoja kwa heshima, kisha akaomba mkate mtupu.