Mazishi ya Baba Aliye Hai

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili nisisumbuliwe. Mimi ndiye niliyewaambia watoto waandike jambo wanaloliogopa kuliko yote, na waliandike kana kwamba limeshatokea. "Mkiniandikia uongo wa kunifurahisha nitaujua tu," nikawatisha. Mimi, Mjaluo mzima, niliyelelewa na nyanya aliyetufinya masikio tukitaja kifo cha mtu aliye hai, nikasahau mila zote kwa kupenda hadithi!

Darasa letu la uandishi hukutana kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa hapa Lambwe. Nililianzisha nilipostaafu ualimu, nimechoka kusahihisha insha ambazo kila moja inaanza na jua kuchomoza na ndege kuimba. Daftari, kalamu, basi. Kila mtoto husimama akasoma kazi yake kwa sauti.

Siku hiyo akina mama wa kwaya walifika mapema, wakakaa nyuma kungojea zamu yao ya ukumbi. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mpole, ambaye ukimwuliza jambo anajibu huku akiangalia viatu vyake, akasimama na kutusomea mazishi ya babake. Jamani, alivyoandika! Tulisikia maturubai yakipigwa na upepo, tukaona wapishi wakigombania sufuria kubwa. Nywele zilinisimama. Muda ukaisha kabla hajamaliza, nikamwambia ataendelea wiki ijayo.

Mama mmoja wa kwaya akapitia sokoni, akasimulia kwamba binti wa fulani amesoma habari za mazishi ya babake. Shangazi ya yule msichana, dada ya huyo baba, alikuwa pale akiuza omena, dagaa wetu wa ziwani. Hakungoja asikie zaidi. Aliacha beseni chini akatoka mbio, akipiga nduru tangu barabarani hadi langoni kwa kaka yake, majirani nyuma yake wakilia. Wakamkuta marehemu amekaa nje ya nyumba anakula ugali.

Niliposimuliwa nilicheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikaambiwa kwamba mzee amemnyang'anya binti daftari na kuapa hatakanyaga tena darasani kwangu. Kicheko kikaniisha.

Nikasema haiwezekani. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, watoto wa namna hii nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sitampoteza huyu kwa ajili ya nduru! Wenzangu wa kanisani wakanishauri ningoje mzee apoe. Apoe vipi, na daftari liko nyumba moja na jiko? Jumapili, ibada ilipokwisha, nilifunga kilemba changu nikaenda huko kwa miguu.

Mzee alinipa kiti, lakini uso haukufunguka.

"Madam, umekuja kumalizia kunizika?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mzee. Kosa ni langu, si la mtoto."

"Yawa! Dada yangu ananililia na tonge liko mkononi! Hujui huko ni kuniitia kifo?"

"Najua. Ndiyo maana naomba msamaha. Lakini niliwaambia waandike wanachokiogopa zaidi. Wengine waliandika nyoka. Mmoja aliandika hesabu. Huyu wako aliandika kukukosa wewe."

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, bakuli mkononi, hathubutu kusogea. Mzee akaingia ndani, akarudi na daftari, akaliweka mapajani mwangu.

"Macho yangu hayaoni maandishi madogo. Soma lote. Nikisikia laana humo, nalichoma ukiangalia."

Nikasoma. Maturubai, sufuria, chifu akihutubia, mchungaji akihutubia, kila mtu akisema jinsi marehemu alivyowapenda watoto wake. Mzee alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nikageuza ukurasa, nikaona aya ya mwisho, ile ambayo hatukuifikia darasani. Nilijaribiwa kuiruka. Lakini niwakataze watoto kudanganya, halafu mimi nidanganye mbele ya mmoja wao? Nikaisoma vilevile ilivyo.

"Nikaitwa mimi niseme. Nilishika maikrofoni nikatafuta neno moja ambalo baba aliwahi kuniambia, lisilokuwa kunituma maji au kuniuliza mbuzi wako wapi. Sikulipata. Nikarudisha maikrofoni, nikakaa."

Nikafunga daftari. Kwisha, nikajiambia, nimelichoma kwa mdomo wangu mwenyewe. Nililikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Kama angelitaka, ingebidi anivute na mimi.

Hakulitaka. Alikuna goti. Kisha akamwita binti kwa jina lake, akamsogezea kigoda.

"Weka hilo bakuli. Kaa."

Akakaa.

"Hapo uliposhika maikrofoni, ulitaka kusema nini juu yangu?"

Safari hii msichana hakuangalia viatu. Alimwangalia babake usoni.

"Sijui, baba. Bado hujaniambia kitu."

Mzee akajipangusa macho kwa kiganja, waziwazi, wala hakujali kwamba mimi nipo.

"Madam, wewe nenda nyumbani," akasema. "Jumamosi atakuja. Leo nina maneno naye."