Umeme Uliporudi Mokola

Mwalimu Olawuyi wa Mokola, hapa Ibadan, hakuwahi kuamini jambo asilolihakiki mwenyewe. Alipostaafu kufundisha fizikia, alichukua akiba yake na ya dada yake Abeke, muuza vitambaa, akaiweka amana kwenye mtandao wa blokcheni, daftari la malipo lisilotunzwa na benki. Kompyuta iliyokuwa kando ya kitanda chake ikawa miongoni mwa nyingi zinazokagua malipo ya watu na kuyatia saini. Ikifanya kazi kwa uaminifu, hulipwa kidogo. Ikidanganya, amana hukatwa.

Kisha wakubwa wa mtandao wakapiga kura ya kuupanua ubebe malipo mengi zaidi, kwa haraka zaidi. Niliisoma hoja yao. Ilitaja kasi, ikataja unafuu kwa wateja; mtu anayekagua chumbani kwake haikumtaja. Tangu hapo kompyuta ya Mwalimu ikawa inahema. Alinunua diski kubwa, ikajaa. Akaongeza memori, bado ikachelewa, na kila ilipochelewa malipo yake yakapungua.

"Hamishia ufunguo wako wa saini kwenye mashine ya kukodi, kule Ujerumani," Dotun, mkaguzi mwenzake mwenye duka la simu, alimwambia. "Sote tumehamia huko. Wewe tu umelikumbatia hilo bati kama bibi harusi."

"Sote tukiwa wapangaji wa tajiri mmoja, siku akizima swichi nani atakagua?"

"Siku hiyo utatucheka. Leo ni zamu yetu kukucheka wewe, Mwalimu."

Dada Abeke hakucheka. Alimletea amala, ugali wa unga wa viazi vikuu, akangoja Mwalimu amalize kula na kunawa mikono. "Mdogo wangu, msimamo wako ni mzuri. Ila unausimamia kwa pesa yangu."

Hapo Mwalimu akalegea. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, betri zimeisha, kompyuta imezimika. Alikwenda dukani kwa Dotun na nakala ya ufunguo, ile namba ya siri ya kutilia saini, wakauweka kwenye mashine ya kukodi. Ikaanza kazi mara moja. Walikuwa bado wanapongezana, watoto wa mtaa mzima waliposhangilia: umeme umerudi.

Dotun ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Mwalimu, ule ufunguo wa nyumbani uliufuta?"

Hakuwa ameufuta. Na kama yeyote hapa ambaye umeme humjia bila taarifa, alikuwa ameitega kompyuta yake ijiwashe yenyewe. Walikimbia. Walipofika, feni ya kompyuta ilikuwa inazunguka. Mashine mbili zilikuwa zimetia saini zinazopingana kwa ufunguo mmoja, na kwa sheria ya mtandao ule huo ni udanganyifu. Sehemu kubwa ya amana ikakatwa, naye akafukuzwa ukaguzi.

"Kwa hiyo wametuita wezi?" Abeke aliuliza.

"Hawajatuita kitu, dada. Sheria imeona saini mbili, basi."

"Sheria ya watu wasiokatiwa umeme hiyo."

Kosa ni la Mwalimu, wala sitamwondolea. Alijua kwamba unafuta kwanza, ndipo unahamisha. Lakini waliopandisha gharama ya kukagua nao walijua nani atabaki nje, na bado wakapiga kura.

Kompyuta ingali kando ya kitanda. Haitii saini tena, wala hailipwi; anaiacha ikague tu. Nikipita asubuhi namwona dirishani akiitazama ikihangaika na malipo ya juzi. Ya jana bado haijayafikia.