Kumsomea Dada wa Kigwa

Nilipomaliza kozi ya taipu nilikuwa na cheti, viatu vya kisigino na majivuno mengi. Baba, fundi cherehani wa Chemchem, alikionyesha cheti kile kwa kila mteja aliyeleta suruali kupunguzwa. Kwa hiyo siku niliyoripoti ofisi ya mkoa hapa Tabora, nikaambiwa kwamba miezi sita ya mwanzo sitagusa mashine bali nitamsomea mpiga taipu mwingine, nilidhani karani amenichanganya na mtu.

"Kumsomea kwa nini? Hajui kusoma?"

"Haoni," karani akajibu. "Mlango wa mwisho kushoto."

Alikuwa mwanamke wa Kigwa, wa umri wa miaka thelathini na kitu. Surua ilimpofusha akiwa mtoto, na taipu alijifunza katika shule ya wasioona. Nilipoingia alikuwa anapanguza mashine yake kwa kitambaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hivyo viatu vitakutesa. Utatembea sana humu."

Akanikalisha kulia kwake, akanipa rasimu iliyoandikwa kwa mkono, na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Kidole chako kiko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kidole changu kisitoke kwenye karatasi hata kidogo, kikae juu ya neno ninalosoma, ili akinituma niende mahali nijue natokea wapi. Kisha akanifundisha lugha yake ya kugonga meza, maana hakupenda kusema huku anachapa. Akigonga mara moja kwa kidole, nirudie neno. Akigonga mara mbili, nilitaje herufi moja moja. Kifundo cha kidole kilikuwa amri ya kurudi mwanzo wa mstari, na akipiga mguu sakafuni niruke hadi aya inayofuata. Kiganja kizima mezani maana yake nyamaza.

Wiki ya kwanza nilinyamazishwa mara nyingi kuliko nilivyosoma.

Lakini ndivyo nilivyoanza kumtazama vizuri. Mahali alipofika kwenye karatasi alipajua kwa kuhesabu. Kila herufi ilisogeza karatasi hatua moja, na hatua zile alizihesabu kichwani huku ananisikiliza. Kengele ya mwisho wa mstari ilipolia alikuwa ameshaamua neno litavunjwa wapi. Kwenye orodha zenye safu, kazi iliyotushinda wengi wetu wenye macho, aliuliza kwanza neno refu kuliko yote lina herufi ngapi, akapiga hesabu, akapanga vituo vya safu zake, basi. Safu zilisimama wima kama zimechorwa kwa rula.

Miaka ya karibuni nimemwona mwalimu mmoja asiyeona akitumia kompyuta inayosema. Hakugusa kipanya. Alibonyeza vitufe viwili pamoja, sauti ikarudia neno. Akabonyeza vingine, ikamtajia herufi. Mshale wa chini, ikasoma mstari unaofuata. Watu waliokuwa pale walishangaa. Mimi nilicheka peke yangu, kwa sababu kazi ya sauti ile niliwahi kuifanya, tena kwa mshahara wa serikali.

Wakati huo watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa na ofisi ilikuwa haikauki orodha. Akahamia kwetu afisa mmoja ambaye hakuficha mawazo yake. "Asiyeona akae kwenye simu," alisema mbele yetu. "Nyaraka zinataka macho."  Dada aliendelea kuchapa.

Siku moja tulipewa orodha ya vijiji vinavyosubiri visima, kurasa nne, iliyotakiwa kwenye mkutano mchana ule ule. Nilisoma vizuri, lakini mawazo yangu yalikuwa Ipuli, kwenye harusi ya binamu yangu. Wajibu wangu wa pili ulikuwa kutupia jicho karatasi ya kwenye mashine kila baada ya mistari michache. Sikuutimiza. Tulipomaliza, afisa alikuwa ameshasimama mlangoni. Akachukua karatasi ya juu ya kila ukurasa, akazigeuza huku na huku.

"Hii nini? Nyeupe! Zote nyeupe!"

Nikatazama mashine. Utepe wa wino ulikuwa umechomoka mahali pake.

"Nilisema mimi," afisa akaendelea. "Nani alitakiwa kuangalia?"

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Ni sisi wawili," akasema dada. "Mashine ni yangu." Akanyoosha mkono, akaomba ukurasa mmoja, akapitisha ncha za vidole nyuma yake pale herufi zilipobonyea. "Maneno yapo yote, wino tu haukushika. Naomba utazame karatasi ya pili, ndugu."

Nikaondoa karatasi za kaboni, zile zinazonakili chapa kwenye karatasi ya chini. Chini yake kurasa zote nne zilikuwa zimeandikika, bluu iliyoiva, majina ya vijiji upande mmoja na idadi ya kaya upande wa pili, hakuna mstari uliopinda. Afisa alisoma akiwa amesimama, kuanzia juu mpaka chini, ukurasa hadi ukurasa. Kisha akasema, "Hizi zinatosha," akaenda nazo mkutanoni.

Nililia. Dada aliniacha nilie, halafu akaniambia kwamba yeye haweki karatasi kwenye mashine bila kaboni chini yake, hata kama ameagizwa nakala moja. Utepe uliwahi kumfanyia hivyo zamani, kwenye kazi yake ya kwanza, na siku ile hakuwa na cha kuonyesha.

"Mimi sioni wino," alisema. "Kwa hiyo siutegemei."

Habari za kumpeleka dada kwenye simu hazikutajwa tena. Mwezi uliofuata niliugua malaria, nikakaa nyumbani siku nne. Niliporudi, nilimkuta yule afisa kwenye kiti changu, rasimu mapajani, jasho usoni. Kifundo cha dada kikagonga meza, naye akarudi mwanzo wa mstari bila ubishi.

Miezi sita ilipokwisha nilipewa mashine yangu, chumba cha jirani. Majivuno ya cheti yalikuwa yameniisha, na viatu vile nilikuwa nimeshamgawia mdogo wangu. Nilifanya kazi ile miaka mingi, katika wilaya tatu, na nimekaa na wapiga taipu wenye kasi ya kutisha. Sikukutana na mwingine ambaye ningemkabidhi ukurasa wangu, nikaenda zangu kula chakula cha mchana bila wasiwasi.