Gauni la Neema na Kidude cha Shaba Darini

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote, mpaka ubaridi wa kiti cha basi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi kwa dada yangu huko Alief, Houston, nalala sebuleni kwenye kochi. Niliamka, nikakunja blanketi, nikatia nguo mbili kwenye begi la mgongoni, nikamwambia dada natoka kidogo. Hata mimi mwenyewe sikujua natoka kwenda wapi. Kituoni niliuliza ni basi gani linalotangulia kuondoka. Wakasema la Dallas. Nikapanda.

Usinicheke. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha kule Singida nikiwa darasa la sita. Si kwamba sikupenda kujua mambo. Mwalimu alichoshwa na maswali yangu, na mimi nikachoshwa na kukaa. Tangu hapo nikawa mtu wa kuondoka. Kazi ikinichosha, naondoka. Nikikosana na mtu, naondoka. Nikivunja kitu cha watu, hapo naondoka mbio. Nilijiona mjanja, na sikudanganyi, ujanja huo ulinifaa mara nyingi kabla ya siku hiyo.

Dallas nilifika mchana, njaa imenikaba. Nikatembea tu bila kujua mtaa, mpaka nikajikuta kwenye maghala ya zamani ya matofali mekundu, yale yaliyokuwa yakiwekwa pamba. Siku hizi yamegawanywa vyumba vya watu wa kazi ndogondogo. Chini ya dirisha moja nikasikia mwanamke anaugombeza uzi uliokatika, na anaugombeza kwa Kiswahili! Nikapanda ngazi bila kualikwa.

Chumba kilikuwa kimejaa vitenge na vyerehani viwili. Mama mmoja mnene, miwani puani, akaniangalia toka juu hadi chini.

"We ni mutoto ya nani?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni Mtanzania, napita tu."

"Ah, Tanzania! Ndiyo maana unasema kama redio." Akacheka peke yake. "Uko na njaa. Inaonekana. Kaa."

Huyo ndiye Mama Neema, mkimbizi wa zamani kutoka Bukavu. Akanipa bugali, ndio ugali wao, na sombe, kisamvu cha kwao, iliyobaki kwenye bakuli la plastiki, nikala mpaka nikaona aibu. Wakati nakula akanieleza kwamba Jumamosi binti yake Neema anaolewa, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Gauni jeupe lililolala juu ya meza kubwa alikuwa amelishona mwenyewe, miezi minne, shanga moja baada ya nyingine, usiku akitoka kazini kiwandani. Mumewe, Papa Byamungu, alikuwa fundi na mwangalizi wa jengo lile, ndiyo maana wakapewa chumba cha kushonea.

Nilipomaliza kula akaniambia, "Sasa saidia. Gauni iweke juu, isiguse chini, niko nataka kufagia." Halafu simu yake ikalia, akatoka nje kwenye korido kuongea na watu wa keki.

Nikalitia gauni kwenye henga. Lilikuwa zito kama mtoto wa miaka mitatu. Misumari ya ukutani ilikuwa chini mno, mkia wa gauni ungeburuzika. Nikatazama juu. Darini palipita bomba la chuma, na kwenye bomba hilo paliota kidude cha shaba, kina mikono miwili midogo na kama ua kichwani. Nilidhani ni ndoano. Nikawaza, waliojenga jengo hili walikuwa na akili, wameweka ndoano za kutundikia marobota. Nikapanda juu ya meza, nikalitundika gauni la bibi harusi pale, nikashuka, nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Lilipendeza sana.

Kikasikika *tik*. Kidogo tu, kama mtu kavunja kijiti.

Maji yaliyotoka, mwanangu, usifikirie maji ya mvua. Yalikuwa meusi, mazito kidogo, yananuka chuma kilichooza na mafuta, maji yaliyokaa ndani ya bomba miaka na miaka bila kutembea. Yalishuka kwa nguvu, yakalipiga gauni, yakaliangusha sakafuni, yakaendelea kulipiga pale pale. Nje ya jengo kengele ikaanza kulia.

"Yesu wangu!" Mama Neema alirudi mbio. "Manguo! Byamungu! Njo! Maji!" Alijitupa juu ya gauni, akalikumbatia, na maji yakamwagikia mgongoni.

Na mimi? Nilichukua begi langu. Hakuna aliyejua jina langu mle ndani. Nilishuka ngazi mbilimbili, nikafika barabarani, na kwa kawaida yangu ningekuwa nimeshafika kona.

Ningependa kukuambia kwamba dhamiri ilinishika mkono. Hapana. Kilichonishika ni ile kengele. Ilikuwa ukutani, kubwa kama sinia, inalia kwa fujo, na hapakuwa na mtu anayeipiga wala waya wa umeme unaoiendea. Chini yake palikuwa na bomba dogo linalotema maji. Nikasimama, nikasahau kabisa kwamba natoroka, nikawa natafuta ni nini kinachoipiga.

Ghafla ikanyamaza. Dakika moja baadaye akatokea mzee mwembamba, mikono imejaa grisi. Ndiye Papa Byamungu, ametoka kuifunga koki kuu, na mkewe alikuwa ameshamweleza.

"Ni weye?"

"Ndiyo, baba."

"Unafanya nini hapa?"

"Naangalia nani anaipiga kengele."

Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Ni maji. Maji ikipita mule ndani, inazungusha kigurudumu, kigurudumu inapiga kengele." Halafu uso ukabadilika. "Kama uko na akili ya kuuliza juu ya kengele, ilikuwa wapi mbele ya kutundika gauni ya mutoto wangu? Kile kitu uliona, uliuliza mutu?"

"Sikuuliza."

"Haukuuliza. Na sasa unabeba begi." Akalinyooshea kidole. "Panda juu. Neema iko njiani. Weye ndiye utamuambia, si mimi, si mama yake."

Nimekaripiwa na watu wengi, wengine kwa fimbo. Hakuna aliyenipata kama mzee yule, maana alinishika kwenye kitu nilichojivunia. Nilijiita mdadisi, kumbe udadisi wangu ulikuwa unachelewa, unakuja kitu kikishavunjika.

Nikapanda. Watu wa zimamoto walifika, wakatazama dari, wakanitazama mimi, wakaandika kitu, wakaenda zao. Nikachukua ufagio wa mpira nikaanza kusukuma maji. Ndipo Neema akaingia, bado amevaa sare ya kazi ya kutunza wazee, ufunguo wa gari mkononi. Aliona sakafu kwanza, halafu akamwona mama yake na lile furushi jeusi mapajani.

"Mama, hiyo ni nini? Mama, no. No."

"Dada," nikasema, "ni mimi niliyelitundika darini. Ni kosa langu."

"Wait. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

Nikamtazama Mama Neema, Mama Neema akamtazama mumewe.

"Ni kesho kutwa, kaka," Neema akasema. "Harusi ni kesho kutwa." Akakaa kwenye kiti kilicholowa akalia, na mimi nikasimama pale na ufagio wangu. Kusimama tu hapo, bila kwenda popote, ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizokuwa nimewahi kufanya.

Mama Neema ndiye aliyeinuka kwanza. Akavua miwani, akaifuta. "Machozi haitoshi kufua," akasema. "Twende nyumbani kwenye maji mengi. Na huyu redio anakuja, ana mikono."

Neema na mama yake wakatangulia na gari wakiwa na vyerehani, mimi na Papa Byamungu tukapanda treni kwenda Vickery Meadow, mtaa wanaokaa, gauni mapajani mwangu ndani ya mfuko wa taka. Watu walikuwa wanahama viti kwa ile harufu. Mzee akatoa mfukoni kipande cha kile kidude kilichovunjika, akanipa.

Alinieleza kwamba zamani sana, kwenye viwanda vya pamba, walipitisha darini mabomba yenye matundu. Moto ukitokea, lazima mtu akimbie kufungua koki, na akifungua, ghala zima linalowa, palipo na moto na pasipo na moto. Kama huyo mtu amelala au ameshakimbia, pamba inateketea. Ndipo wakabuni kila tundu lizibwe peke yake, na kizibo kishikwe kwa lehemu laini inayoyeyuka kwa joto. Moto ukiwaka chini yake, lehemu inayeyuka, tundu lile moja linafunguka, mengine yanabaki yamefunga. Hakuna wa kusubiriwa.

"Na moshi je? Mama akikaanga sambusa?"

"Moshi haiwezi kufanya kitu. Joto tu." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Joto, na Mutanzania mwenye henga."

Nilimuuliza maswali kutoka kituo kile mpaka tuliposhuka, na hakuchoka hata kidogo. Niliona anapenda kuulizwa, kama vile kwa miaka mingi alikuwa akivitunza vidude vile na hakuna aliyewahi kuvitupia jicho.

Nyumbani kwao tulilifua gauni kwenye hodhi la kuogea kwa maji baridi na sabuni ya vyombo. Mimi nilipiga magoti, nikasugua, nikamwaga, nikajaza tena. Maji ya kwanza yalitoka kama wino, ya tano kama chai, ya tisa kama uji mwepesi. Doa moja tu liligoma, kiunoni upande wa kushoto, kubwa kama kiganja. Mama Neema akalitazama, akaenda kabatini, akakata maua mawili kutoka kwenye kitenge cha bluu cha sare ya harusi ya shangazi za Neema, akayashona juu yake.

Neema akalivaa likiwa bado bichi, na soksi miguuni, akajigeuza mbele ya kioo cha bafuni.

"Nitalivaa," akasema. "Lakini huyu asilishike tena."

"Sitalishika, dada."

"Na Jumamosi akae mbali na dari yoyote."

Papa Byamungu akacheka hadi akakohoa. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Unalala wapi?" Nikasema sijui. Akatoa godoro nyuma ya mlango, akalitandika kando ya friji. "Kesho asubuhi niko na jengo nzima ya kuangalia. Utabeba ngazi." Nilikaa kwao miaka miwili, na kazi ya mabomba yale ndiyo niliyoifanya mpaka nikazeeka.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi sikukatazi kuzurura. Dunia ni pana na miguu ni yako. Ila ukiingia kwa watu ukakuta kitu kimekaa kimya mahali pake, uliza kinafanya kazi gani kabla hujakipa mzigo wako. Swali moja linachukua muda mfupi kuliko kufua gauni. Na siku utakapoharibu, maana utaharibu, usiwaachie wengine kulisema kosa lako. Mtafute uliyemuumiza, mwambie kwa mdomo wako, kisha uinamishe mgongo ufanye kazi mpaka akuambie basi. Mimi niliondoka sehemu nyingi nikiwa sina deni la mtu na sina rafiki hata mmoja. Pale nilipobaki na kosa langu ndipo nilipopata watu.

Mungu akulinde uendako, akuepushe na moto na mafuriko. Akukutanishe na wazee watakaokukaripia bila kukufukuza, na kila jioni utakayofika ugenini, asikose mtu wa kukuuliza unalala wapi.