Karte ya Mujukuu Wangu Haikuingia mu Droo

Bwana mumoja wa ofisi alisema karte ya mujukuu wangu ni ya uwongo. Miaka imepita, meno yangu mengine imeanguka, lakini neno ile bado inanichoma kama pilipili mu jicho.

Mujukuu wangu, binti ya binti yangu, anajua kuzama chini ya ziwa na chupa ya hewa mugongoni, na kurudi juu muzima. Natangaza hivyo kanisani, sokoni, na kwa bomba ya mayi. Kama mutu haniulizi, namuambia vilevile.

Hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi mu Malawi, hakuna ziwa. Kuna vumbi, na kuna ile bomba ambako bamama banagombana juu ya zamu ya ndoo. Lakini sisi ni bantu ya Fizi, kule Congo, tulizaliwa ziwa Tanganyika inatulowesha miguu. Siku moja kanisa ilipeleka vijana Salima, kwa ziwa ya Malawi, kwa maombi na michezo. Pale kulikuwa mwalimu mumoja, mwanamuke, anayefundisha kuzama. Akamuona mujukuu wangu anavyojifunza kuogelea upesi, akamuita. Likizo kwa likizo alimufundisha bure, mpaka akamupatia karte, cheti ya kuzama.

Kalikuwa kakarte kadogo ka plastiki ngumu, na picha yake anacheka. Mi kusoma kulinishinda mapema, baba alinitoa shule akanipa jembe. Nikamuambia mujukuu wangu anisomee. Akasoma jina yake, siku alizaliwa, na kwamba anaruhusiwa kuzama.

“Na wapi bameandika mukimbizi?”

“Hapana mahali, koko,” akaniambia, vile kwetu banaita bibi.

“Geuza nyuma.”

Akageuza. “Hata nyuma hapana.”

Nilikaa chini. Karte zote za nyumba yetu, ya chakula, ya hospitali, karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, zote zilikuwa na neno ile mbele kama pua. Hii haikuwa nayo. Hii ilisema tu: huyu anajua kazi.

Basi nikafanya vile nyumba nyingi za Dzaleka zinafanya. Ya asili inalala nyumbani, fotokopi njo inatembea. Nilimutuma kwa kibanda ya mashine, bakaitoa na rangi yake, bakaivalisha plastiki. Kopi ilitoka nzuri, ungeibusu. Nikamupa ile. Ya asili niliitia mu kamufuko ka kitenge ninakovaa ndani ya nguo, pale kifuani.

“Koko, karte ya kuzama mutu anatembea nayo,” aliniambia. “Bantu bote banaionyesha.”

“Bantu bote bako na inchi ya kurudia, karte ikipotea. We uko nayo?”

Akachukua kopi. Kamufuko kale sikukashona kwa mapambo. Wakati tulikuwa tunakimbia, mwanaume mumoja mwenye bunduki alisimamisha bwana yangu kwa njia: leta karte nione. Bwana yangu, mutu wa heshima, akafungua mukono akamupa. Yule akaitia mufukoni, akaenda zake. Tangu pale bwana yangu hakuweza tena kuonyesha kwamba yeye ni yeye, mpaka siku tulimuzika hapa. Njo maana mi nashika karte kwa pembe. Unataka kuona, ona. Vidole vyangu havitoki.

Sasa, miaka ile simu za kugusa zilianza kujaa, kampuni moja ya Lilongwe inayopeleka bageni kuzama ilikuwa inatafuta mutu anayejua kuzama na kusema Kifaransa. Mutoto wangu anajua vyote viwili. Bangemujaribu siku moja tu, na akipita bangekuwa banamuita kila safari. Akaenda asubuhi na kopi yake, nywele imesukwa vizuri. Akarudi macho yamevimba.

“Kule bamekuambia nini?” nikamuuliza.

“Bwana wa pale mezani alisema siye bakimbizi tunajua sana kutengeneza karte. Alisema nirudi kesho na ya kweli, ao nisirudi kabisa. Gari inaenda ziwani asubuhi, na kama siko ndani, batachukua mwingine.”

Sikula siku ile. Mutoto wangu, mutu wa karte ya uwongo!

Kesho yake, mapambazuko, nilivaa kitenge changu cha Pasaka.

“We unaenda wapi, koko?”

“Karte iko kwa kifua yangu. Inaenda, na mi naenda.”

Tulipanda kabaza, mi kwa baiskeli moja na yeye kwa ingine, mpaka barabarani, halafu minibasi mpaka Lilongwe. Ofisi ilikuwa mujini, upande ule magari ya bakubwa yanapandia kwenda Capital Hill, kwa ofisi za serikali. Mule ndani nguo nyeusi za mupira, za kuzamia, zilitundikwa kwa ukuta kama bantu bamechunwa ngozi.

Mbele yetu kulikuwa bazungu babili. Wa kwanza akaonyesha karte yake. Bwana akaiangalia, akamurudishia, akasema asante. Wa pili akapapasa mifuko, akacheka, akatoa simu. Karte yake ilikuwa picha mu simu! Bwana akacheka naye, akamupa maski na vile viatu vya miguu ya bata.

Nilimukanyaga mujukuu wangu muguu. “Umeona?”

“Koko, tafazali.”

“Umeona ao hukuona?”

Zamu yetu ikafika. Chichewa yangu ni ya soko, ya kununua tomato na kukataa bei, lakini kwa kugombana inatosha. Nikatoa karte kifuani, nikaishika kwa pembe, nikaisogeza mbele ya pua yake. Akanyoosha mukono. Nikavuta nyuma.

“Leteni, agogo,” akasema, vile bantu ya Malawi banaita muzee.

“Soma.”

“Nitasoma namna gani na munaishikilia?”

“Macho yako iko kwa vidole?”

Shofere wa gari ya ziwani, aliyesimama mulangoni, akapasuka kicheko. Bwana akainama, akasoma, akaingiza namba mu mashine yake. Sura ya mutoto wangu ikatokea pale, kicheko kilekile.

“Ni ya kweli,” akasema, kama mutu anameza mwiba wa samaki.

“Hata jana ilikuwa ya kweli.”

“Jana alileta kopi.”

“Na ile ya mu simu ya muzungu ni nini? Iliota mule mu simu?”

Muzungu mwenye simu aliona kidole yangu, akairudisha mufukoni haraka. Bwana akavuta droo ya meza. “Sawa. Atakwenda. Lakini karte ibaki hapa mpaka arudishe vyombo.”

Nilichungulia ile droo. Funguo, kalamu, nusu ya mukate. Hakuna karte hata moja.

“Za hawa babili ziko wapi?”

“Hao ni bageni wetu. Nyinyi mukihama kesho, nitabatafuta wapi?”

Hapo damu ilinipanda mpaka masikio. “Kuhama? Mi niko Dzaleka tangu huyu mutoto hajaota meno! Kuhama njo kitu tunaomba Mungu kila siku, na hakuna anayetuhamisha!”

Inje gari ikapiga honi. Mujukuu wangu akanishika mukono. “Koko, batanichukulia nafasi. Mupe tu. Nakuomba.”

Nilimuangalia. Mukono wake ulikuwa umefunguka, tayari, sawa na mukono wa babu yake kwa ile njia. Na mi nikaona sitauacha ufunguke mara ya pili.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya meza ya yule bwana.

“Unataka kitu ibaki? Mi nabaki. Karte inaenda na mwenyewe. Vyombo visiporudi, uniuze.”

“Agogo, hii haiko sheria.”

“Hata ya simu haiko sheria.”

Shofere akasema, “Bwana, mumuache abaki. Agogo ni muzigo muzito kuliko karte.” Bwana akatupa mukono hewani, kama mutu anafukuza inzi.

Nikamupa mujukuu wangu karte ya asili. “Shika kwa pembe,” nikamuambia. Akakimbia.

Nilikaa pale muchana wote. Yule bwana alikula nsima yake, ugali ya hapa, mbele yangu, hata karibu hakusema. Mi nilitafuna karanga zangu. Kila mugeni aliyeingia na kuonyesha karte akarudishiwa, nilisema kwa sauti: “Na huyu? Haingii mu droo?” Bwana anaangalia mashine yake. Namuuliza tena kwa anayefuata.

Magharibi gari ikarudi. Mutoto akaingia, nywele inanuka ziwa, akaweka mezani maski, viatu vya bata, nguo ya mupira, chupa. Bwana akageuza kila kitu mara mbili. Hakuna kilichokosa.

“Tutakuita,” akamuambia. Mi hata hakuniangalia.

Inje, mujukuu wangu akaninyooshea karte, niirudishe kifuani.

“Ile ni yako, tembea nayo,” nikasema. “Nipe kopi.”

Bakamuita, na banamuita mpaka leo. Musamaha yule bwana hajaomba. Kopi aliyosema ni ya uwongo iko mu kamufuko kangu. Mugeni akija nyumbani, kabla hajakaa namuonyesha, na mi naishikilia kwa pembe.